Umbali wa Dhiraa Moja: Video ya Ajali ya Atchison Inafundisha Nini, na Inaacha Nini

Hebu tuanzie nyumbani kwako. Kama una chupa ya jiki, na pembeni yake una ile dawa ya kusafishia choo yenye asidi, basi tayari unazo kemikali za jamii ileile zilizofanya maelfu ya watu Marekani wakimbie au wajifungie ndani mwaka 2016. Tofauti kubwa ni kiasi. Wewe una lita moja moja. Wao walikuwa na zaidi ya lita 15,000 za asidi, na lita zipatazo 22,000 za kitu kinachofanana na jiki yako, vyote ndani ya tanki moja.

Leo nataka tuijadili video iliyotengenezwa kuhusu tukio hilo. Inaitwa "Mixed Connection, Toxic Result", na imetolewa na bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, inayojulikana kwa herufi zake CSB. Bodi hii ilianza kazi mwaka 1998. Haitozi faini wala haimpeleki mtu mahakamani. Kazi yake ni kwenda palipolipuka au palipovuja, kutafuta chanzo, kisha kutoa mapendekezo. Video zake ni za bure, zina michoro ya kompyuta iliyotulia, na ukiwa mwanafunzi wa kemia au uhandisi huenda umeshatumiwa mojawapo kwenye kundi la darasa.

Nitaisifu kwanza, halafu nitalalamika. Na kabla ya kumaliza kuna jambo langu mwenyewe ambalo itabidi nilikiri.

Kilichotokea

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2016, lori la kampuni ya Harcros Chemicals lilifika kwenye kiwanda cha MGPI Processing, mjini Atchison, jimbo la Kansas. Kiwanda hicho wakati huo kilikuwa kikitengeneza pombe kali na bidhaa za ngano, wanga ukiwemo. Lori lilileta asidi ya sulfuriki. Mfanyakazi wa kiwanda alimpeleka dereva hadi eneo la kushushia, akafungua kufuli la bomba la asidi, kisha akarudi kwenye kazi zake.

Dereva akachomeka mpira. Ila hakuuchomeka kwenye bomba la asidi. Aliuchomeka kwenye bomba la jirani, la sodiamu haipokloriti, ambalo ndilo jina la kitaalamu la kemikali iliyomo kwenye jiki. Bomba hilo nalo lilitakiwa liwe limefungwa kwa kufuli. Siku hiyo halikuwa limefungwa.

Kati ya bomba na bomba palikuwa na inchi 18, yaani kama sentimita 46. Wazee wetu wana kipimo chake kabisa: ni dhiraa moja. Kunja mkono wako, pima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Huo ndio umbali uliotenganisha asubuhi ya kawaida na wingu la sumu. Na mabomba yenyewe yalifanana, viungio vyake vilifanana, na lebo hazikuwa wazi wala hazikuwa zimewekwa mahali pazuri pa kusomeka.

Sasa kemia kidogo. Ndani ya jiki, klorini imetulia katika umbo la haipokloriti kwa sababu kimiminika chenyewe ni besi. Ukimwaga asidi, unaivunja hali hiyo ya besi, na kinachofuata ni hiki:

OCl⁻ + Cl⁻ + 2H⁺ → Cl₂ + H₂O

Hiyo kloridi upande wa kushoto huhitaji kuileta wewe. Imo humohumo, hubaki tangu jiki inapotengenezwa. Mmenyuko huu hauhitaji moto wala kichocheo, na hausubiri uhesabu hadi kumi. Kinachotoka ni gesi ya klorini: rangi yake kijani ya kuelekea njano, uzito wake kama mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo inatambaa chini na kujaa mabondeni badala ya kupaa. Ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu, inageuka asidi hapohapo mwilini. Ukivuta nyingi, mapafu hujaa majimaji. Ndiyo gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kule Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915.

Atchison hakuna aliyekufa. Lakini watu zaidi ya 140, wafanyakazi na wakazi wa kawaida, walitafuta matibabu, na maelfu waliambiwa wahame au wakae ndani na kufunga madirisha.

Video inapofanya vizuri

Kwanza, haishii kwa dereva. Hili ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Ripoti nyingi za ajali, za huko na za huku, zina sentensi moja inayofunga mjadala: "chanzo ni uzembe". Ukishaiandika hiyo, faili linafungwa, mtu mmoja anaadhibiwa, na mabomba yanabaki palepale yalipo. CSB walikataa njia hiyo. Walikubali kwamba mpira ulichomekwa pasipo pake, kisha wakauliza: kwa nini iliwezekana kuuchomeka pale? Kwa nini bomba la pili lilikuwa wazi? Kwa nini asidi iliendelea kumiminika hata baada ya gesi kuonekana?

Pili, video inaifuata gesi inakokwenda, na hapo ndipo mtazamaji anaposhtuka. Mfumo wa hewa wa jengo uliivuta klorini na kuiingiza ndani, hadi kwenye chumba cha udhibiti. Wale ambao kazi yao ilikuwa kuongoza mitambo ikabidi wakimbie. Vifaa vya dharura vya kupumulia vilikuwepo kiwandani, lakini wao hawakuweza kuvifikia. Dereva naye hakuweza kulirudia lori lake kufunga vali, maana wingu lilikuwa katikati. Na hapakuwa na kitufe cha kufunga mtiririko kutoka mbali. Yaani kila aliyekuwa na uwezo wa kuuzima mkasa alikuwa amefukuzwa na mkasa wenyewe, na asidi ikaendelea kuingia kwenye tanki.

Kwa mwanafunzi, hilo ni somo zima. Usiweke kizima moto ndani ya chumba ambacho moto utaanzia. Usiweke barakoa mahali ambapo utaifikia tu ukiwa umeshavaa barakoa.

Ninapoanza kulalamika

Lalamiko la kwanza: mimi nilitoka kwenye video nikiwa na orodha, sio ngazi. Mapendekezo yanakuja moja baada ya jingine kwa sauti ileile ya upole: weka lebo zilizo wazi, tenganisha mabomba, tumia viungio visivyofanana, weka mfumo wa kufunga kwa mbali, fundisha watu, fuata taratibu. Yote ni kweli. Lakini hayana uzito sawa, na mtazamaji mgeni hawezi kulijua hilo kwa kusikiliza tu.

Chukua lebo. Lebo inafanya kazi pale tu mtu anapoisoma, akaielewa, na akaiamini. Usiku, mvua ikinyesha, mtu amechoka, au rangi imefutika, lebo imekwisha. Mafunzo yana udhaifu huohuo, maana yanakaa kwenye kichwa cha mtu, na kichwa kinasahau. Sasa linganisha na kiungio kisichoingia. Kama uliwahi kufunga mtungi wa hidrojeni maabara, unajua kwamba nati yake inafungwa kinyume na ya mtungi wa oksijeni. Mtu aliyebuni hivyo hakutegemea akili yako ya saa nane usiku. Ukichukua kifaa cha oksijeni ukajaribu kukifunga kwenye hidrojeni, chuma chenyewe kinakukatalia. Huhitaji kukumbuka kitu.

Na juu ya hapo kuna ngazi nyingine: swali la kama kemikali hiyo ilihitajika iwepo pale, kwa wingi ule, jirani na ile nyingine. Mhandisi wa Uingereza Trevor Kletz alilipigia kelele swali hili tangu miaka ya 1970. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kitu ambacho hunacho hakiwezi kuvuja. Bhopal, India, Desemba 1984, ilimthibitisha kwa namna ya kutisha. Takriban tani 40 za methili isosayanati zilitoroka kutoka kwenye tanki baada ya maji kuingia, na maelfu ya watu wakafa. Mtambo wa kuipoza kemikali hiyo ulikuwa umezimwa, na vizuizi vingine havikuweza kuikamata gesi. Tunapofundishwa Bhopal darasani tunahesabu vizuizi vilivyoshindwa, kimoja kimoja. Ni sawa. Lakini kemikali ile haikuwa hata bidhaa ya kuuza. Ilikuwa ya kati, ya kutengenezea dawa ya wadudu. Kuirundika kwa tani ulikuwa uamuzi wa watu, na uamuzi huo ulitangulia vizuizi vyote.

Kwa hiyo ningependa video ipange hivi, waziwazi: kwanza ondoa au punguza, usipoweza, tenganisha, usipoweza, fanya kosa lisiwezekane kwa umbo la kitu, usipoweza, weka mfumo unaojifunga wenyewe, na mwisho kabisa, ukiwa umemaliza hayo, ndipo ubandike lebo na kumfundisha mtu. Maeneo mengi ya kazi yanaanza na lebo na yanaishia hapohapo, kwa sababu lebo ni bei rahisi.

Lalamiko la pili ni la mchoro wenyewe. Kompyuta inakuonyesha mabomba mawili kwa usafi, kutoka pembe nzuri, huku msimulizi ameshakwambia kwamba mambo yataharibika. Wewe mtazamaji unasema moyoni, "Jamani, si lile pale!" Unajiona mwerevu kuliko dereva. Huo ni mtego. Dereva hakuwa na msimulizi. Alikuwa na eneo la kushushia, kofia za mabomba zinazofanana, bomba moja ambalo lingepaswa kuwa limefungwa lakini liko wazi, na mwenyeji aliyeshaondoka. Kwake yeye, bomba lililo wazi lilimaanisha "chomeka hapa". Kufuli lilipokosekana, bomba baya likawa na sura ya bomba zuri.

Ningekuwa mimi mtengenezaji, ningemwonyesha mtazamaji mabomba yale kwanza, bila kumwambia lolote, kisha nimpe sekunde tano achague. Wengi wangekosea. Hapo ndipo wangeelewa.

Lalamiko la tatu ndilo zito zaidi kwangu. Uchunguzi ulikuta kwamba kampuni zote mbili hazikufuata taratibu zao wenyewe za kushusha kemikali. Sawa. Lakini video inalipita jambo hili haraka kuliko ninavyotaka. Utaratibu usipofuatwa mara moja, labda ni mtu. Usipofuatwa na pande mbili kwa pamoja, huenda ndivyo kazi inavyofanyika pale kila siku. Mfanyakazi anayeondoka kabla mpira haujachomekwa mara nyingi ni mtu mwenye kazi nyingine tatu zinazomngoja. Karatasi inasema "simama hapo mpaka mwisho". Ratiba inasema "nenda". Ukitaka kujua karatasi ipi inatawala, usiisome. Nenda ukaangalie Jumanne asubuhi.

Hili sio la Atchison peke yake

Unaweza kusema hii ni bahati mbaya ya mara moja. Basi nikupeleke Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, Julai 1988. Dereva wa zamu ya kumshikia mwenzake alifika kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Lowermoor akiwa na tani 20 za aluminiamu salfeti. Alikuwa mgeni pale. Hakukuta mtu. Ufunguo aliopewa ulifungua milango mingi kwenye mitambo mbalimbali ya mamlaka hiyo ya maji. Akamimina mzigo kwenye tanki lisilo lake, na kemikali ikaingia moja kwa moja kwenye maji yaliyokuwa yakielekea majumbani, katika mji wa Camelford na vijiji vya jirani.

Pale haikutoka gesi. Lakini iangalie picha yenyewe: dereva asiyepajua mahali, mwenyeji asiyekuwepo, kufuli ambalo halizuii chochote, na sehemu mbili za kumiminia zisizojitofautisha. Miaka 28 baadaye, Atchison. Ukiwalaumu madereva wote wawili utakuwa na majina mawili na hutakuwa na somo hata moja.

Jambo langu

Kuna kipindi nilikuwa msaidizi wa vitendo kwenye maabara moja ya kufundishia. Chini ya sinki palikuwa na madumu mawili ya njano ya lita 20, yale ya mafuta ya kupikia, ya kumwagia taka. Moja lilikuwa la asidi. Jingine lilikuwa la jiki tuliyotumia kuulia vijidudu kwenye vyombo. Yameandikwa kwa kalamu ya wino, na wino ulikuwa umeshaanza kufutika kwa majimaji.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akamwaga asidi kwenye dumu la jiki. Harufu ilitufikia kabla hajamaliza kumwaga. Tulitoka wote, wengine wanakohoa, macho yanatiririka machozi. Tulikuwa na bahati kwamba asidi ilikuwa kidogo na madirisha yalikuwa wazi. Baada ya saa moja tulikuwa tumerudi ndani.

Jioni nilijaza fomu. Kwenye mstari wa "chanzo" niliandika: uzembe wa mwanafunzi. Nikamwita, nikamwambia aandike barua ya kuomba radhi. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Lakini mwalimu, ningejuaje?" Nikamjibu kwamba angesoma.

Aliyeyaweka yale madumu pamoja nilikuwa mimi. Aliyeyaandika kwa kalamu inayofutika nilikuwa mimi. Na hayakuwa mbali hata dhiraa moja, yalikuwa yamegusana. Nilipoitazama video ya Atchison miezi mingi baadaye, nilifika mahali pa yale mabomba mawili nikaisimamisha. Nilikuwa nimeandika ripoti ileile ambayo CSB walikataa kuiandika.

Nilimtafuta yule kijana nikamwambia. Alishangaa zaidi kuliko kufurahi. Fomu ya zamani sikuweza kuibadilisha, lakini niliambatisha karatasi ya pili. Dumu la asidi sasa liko upande wa pili wa chumba, ni jeupe, mdomo wake ni mwembamba na una funeli yake. La jiki tumeliondoa kabisa, maana tuligundua tunaweza kutengeneza kiasi cha siku moja tu na kukimaliza siku hiyohiyo.

Basi uitazame?

Ndiyo, itazame. Pamoja na malalamiko yangu, ni kati ya vitu vya wazi na vya ukweli utakavyopata bure kuhusu usalama wa kemikali. Ila usiitazame kama sinema ya watu wa mbali waliokosea. Itazame ukiwa na kalamu, na kila video inapotaja pendekezo jiulize: hili linamtegemea mtu akumbuke, au linafanya kazi hata akisahau?

Kisha ondoka kwenye kioo uende unapofanyia kazi. Tafuta vitu viwili ambavyo havitakiwi kukutana. Pima umbali wake kwa mkono. Angalia kama mdomo wa kimoja unaingia kwenye kingine. Uliza nani anakuwepo wakati wa kumimina, sio nani ameandikwa kwamba atakuwepo. Na uliza kama kuna haja ya kuwa navyo vyote viwili.

Na ikitokea siku moja umesikia ile harufu kali ya jiki isiyo ya kawaida, acha kila kitu na utoke. Usirudi kuokoa chombo. Nenda upande upepo unakotoka, na upande mahali palipoinuka, kwa sababu klorini hushuka. Kukaa ndani na kufunga madirisha kunasaidia pale nyumba inapozibika kweli; nyumba nyingi za kwetu zina matundu ya hewa juu ya dirisha ambayo hayafungwi, kwa hiyo ushauri wa Kansas usiubebe mzima mzima.

Nyumbani pia: jiki weka bafuni, ile dawa ya asidi weka kabati jingine. Au amua moja inatosha, na ile nyingine usiinunue tena.